Barua ya Miwnay kwa mume asiyejibu

Katika kutafuta barua za nyumbani za Waajemi wa kale nimesoma barua nyingi za wanandoa wa zamani, na sijaona inayomvunjia mume heshima kama ile ya mwanamke mmoja aitwaye Miwnay, ya yapata mwaka 313. Inaanza kwa adabu iliyopitiliza. Anamwita mumewe bwana mtukufu. Anamsalimu kwa kupiga goti, kama mtu anavyoisalimu miungu. Anasema heri yake atakayemwona akiwa mzima, mwenye furaha, bila maradhi, na kwamba yeye akisikia tu habari za afya yake hujiona kama mtu asiyekufa. Kisha, kabla barua haijakwisha, anamwambia bwana huyohuyo mtukufu kwamba ni afadhali angekuwa mke wa mbwa au wa nguruwe kuliko kuwa mke wake.

Sisi tuliofundishwa shuleni kuandika barua ya kirafiki hatushangai sana. Salamu nyingi kama mchanga wa bahari, natumaini u mzima wa afya kama mimi huku nilivyo, lengo na madhumuni ya barua hii... na hapo ndipo unapoambiwa kuwa ng'ombe amekufa na ada haijalipwa. Salamu ina nafasi yake na tusi lina nafasi yake. Miwnay aliufuata utaratibu mpaka ukaisha, ndipo akasema ya moyoni.

Alikuwa Msogdi. Wasogdi walikuwa watu wa Samarkand, Bukhara na bonde la mto Zarafshan, nchi ambayo leo imegawanyika kati ya Uzbekistan na Tajikistan. Lugha yao ni ya ukoo mmoja na Kiajemi, ingawa si Kiajemi chenyewe. Nchi yao iliwahi kuwa jimbo la dola ya Waajemi wa kale, na karne nyingi baadaye ni upande huohuo wa Panjikent alikozaliwa Rudaki, ambaye Waajemi humwita baba wa ushairi wao. Kwa hiyo ninapozungumzia barua za nyumbani za Waajemi kisha nikaanza na Wasogdi, najua nimeanzia kwa binamu. Nimefanya makusudi. Barua za kale za Kiajemi zinazotajwa sana vitabuni ni za wafalme, magavana na makatibu wao, watu waliojua kupamba karatasi. Mimi nilikuwa natafuta barua yenye njaa ndani yake.

Ilipatikana mwaka 1907. Aurel Stein, mwanaakiolojia mzaliwa wa Hungaria aliyekuwa akifanya kazi chini ya Waingereza, alikuwa akifukua magofu ya minara ya ulinzi ya Wachina magharibi mwa Dunhuang, mji wa kaskazini magharibi mwa Uchina, pale jangwa linapoanza. Katika mnara mmoja, ndani ya kifusi na takataka, akakuta barua za karatasi zilizokunjwa na kukunjwa tena mpaka kila moja ikawa kifurushi cha kutosha kufichwa kiganjani, anwani ikiwa imeandikwa kwa nje. Tano zilikuwa karibu nzima. Mojawapo ilikuwa imefungwa kwa hariri, kisha ikatiwa ndani ya mfuko wa kitambaa kizito ulioandikwa kwamba unakwenda Samarkand. Haukufika. Mkoba mzima wa barua ulipotea njiani au ulikamatwa na askari wa mnara, na ndiyo maana leo tunazo. Ziko London, kwenye Maktaba ya Uingereza, na mtu anayezisoma sasa, kama mimi, anasoma zaidi kupitia kazi ya Nicholas Sims-Williams, bingwa wa lugha hiyo iliyokufa.

Miwnay ana barua mbili ndani ya mkoba ule. Moja kwa mumewe, Nanai-dhat. Nyingine kwa mama yake, Chatis, na hiyo ndiyo inayoonyesha siku zake zilivyokuwa zinakwenda.

Kwa mama anajitambulisha hivi: binti yako, mwanamke huru Miwnay. Maneno hayo mawili, mwanamke huru, tuyaweke akiba. Halafu hali. Anaishi kwa taabu, hana nguo, hana fedha. Ameomba mkopo, hakuna aliyekubali kumpa. Anakula kwa sadaka ya kuhani. Anataka kurudi kwa mama yake, lakini hawezi kujiondokea tu. Inatakiwa ruhusa, na ruhusa iko upande wa mume. Akaenda kwa mjumbe wa baraza aitwaye Saghrak. Saghrak akasema hapa mjini ndugu wa karibu wa Nanai-dhat ni Artivan, hakuna mwingine. Akaenda kwa Artivan. Artivan akamtaja Farnkhund. Akaenda kwa Farnkhund, naye akamjibu: ikiwa ndugu wa mumeo hakubali urudi kwa mama yako, mimi nitakuchukuaje? Ngoja, pengine Nanai-dhat mwenyewe atakuja.

Kila aliyewahi kufuatilia hati ya kiwanja anawajua mabwana hawa. Hakuna hata mmoja aliyesema hapana. Kila mmoja ana mwenzake wa kumwelekezea, na wa mwisho ana neno la ngoja. Mwanamke anatoka kwa huyu kwenda kwa yule akiwa na njaa, na jioni anarudi kwa yuleyule kuhani.

Kuhani ndiye pekee katika barua nzima anayetaja kitu kinachoshikika. Alimwambia: ukienda nitakupa ngamia, na mtu wa kufuatana nawe, na njiani nitakutunza vizuri. Miwnay anamwandikia mama yake kwamba anaomba kuhani aendelee hivyo mpaka barua ya nyumbani ifike. Ombi lake kwa mama ndilo hilo tu, barua. Hakuomba fedha, maana alijua barua ya mama ingekuwa na uzito wa kumsukuma mtu. Ingekuwa ushahidi kwamba kuna watu upande wake.

Kwa mume sauti ni nyingine. Nakuandikia tena na tena, anasema, sijapata hata barua yako moja, nimekata tamaa nawe. Kwa sababu yako nimekaa Dunhuang miaka mitatu. Njia ya kuondoka ilipatikana mara ya kwanza, mara ya pili, hata mara ya tano, na kila mara nilikataliwa kuchukuliwa. Halafu linakuja lile ambalo nadhani lilimuuma kuliko njaa: nilitii amri yako nikaja Dunhuang, sikusikiliza ya mama yangu wala ya kaka zangu. Hakika miungu ilinikasirikia siku ile nilipofuata neno lako. Baada ya hapo ndipo mbwa na nguruwe.

Barua haikuishia hapo. Chini yake kuna nyongeza ya binti yao, Shayn. Naye anaanza kwa salamu za unyenyekevu kwa baba. Kisha anaeleza: anachunga mifugo. Farnkhund amekimbia, Wachina wanamtafuta hawamwoni. Kwa sababu ya deni la Farnkhund, yeye na mama yake wamekuwa watumishi wa Wachina. Na anamkumbusha baba, bila kupandisha sauti, kwamba anajua hakosi stateri 20, sarafu za wakati huo, za kuwatumia.

Mama anapiga kelele, mtoto anatoa hesabu. Nikiisoma barua hii huwa narudia ya mtoto. Mama bado anazungumza na mume, anataka aumie. Shayn ameshamaliza hayo. Anajua tatizo lina bei, anaitaja, na anajua mfuko wa kulipia uko wapi. Na linganisha na kule juu: katika barua ya mama Miwnay alikuwa mwanamke huru, na kwenye nyongeza ya binti wote wawili ni watumishi. Kati ya sentensi hizo mbili hakuna vita iliyowateka wala mfanyabiashara wa watumwa aliyewanunua. Kuna deni la mtu mwingine, mwanamume aliyekuwa akitajwa kama wa kuwasaidia, ambaye alitoroka wao wakabaki wakionekana.

Nimwekee Nanai-dhat wakili kidogo. Barua hii, kwa hakika, hakuisoma. Tulioisoma ni sisi. Na nyakati zilikuwa mbaya. Barua nyingine ya mkoba uleule, iliyoandikwa na mfanyabiashara Nanai-vandak kwenda kwa Varzakk wa Samarkand, inasimulia jinsi Luoyang, mji mkuu wa Uchina, ulivyotekwa na kuchomwa moto, mfalme akakimbia kwa sababu ya njaa, na Wahindi na Wasogdi waliokuwa mjini humo wakafa kwa njaa. Hayo yalitokea mwaka 311. Mume wa Miwnay angeweza kuwa amekwama, au amefilisika. Lakini mtetezi ana mpaka. Naweza kumsamehe barua moja iliyopotea mnarani. Miaka mitatu siwezi. Leo tungesema amesoma, hajajibu.

Nanai-vandak mwenyewe anaonyesha kwamba mtu wa biashara aliyezungukwa na vifo bado aliweza kuikumbuka nyumba. Baada ya habari za vita anageukia mambo ya mirathi: kuna vifuko 32 vya miski vilivyopelekwa Dunhuang, vikifika, vigawanywe mafungu matano, matatu ayachukue kijana Takhsich-vandak, moja Pesakk, moja wewe Varzakk. Fedha za kijana huyo zihesabiwe na ziwekwe mahali pa kuzaa. Inaelekea ni mwanawe. Miski ya Tibet ilikuwa mali nyepesi yenye bei kubwa, na huyu bwana aliigawa kama mtu anayejua huenda asiwepo. Ndio, alikuwa na watu wa kumbebea na hariri ya kufungia barua. Barua yake nayo ilikwama palepale.

Sasa turudi kwenye lile deni, maana ndilo lililonifanya niziache barua na kuanza kusoma mikataba. Nilitaka kujua mke na mtoto wanawezaje kuchukuliwa kwa deni. Wasogdi wametuachia karatasi mbili ambazo, ukiziweka kando ya barua ya Miwnay, zinaonyesha ardhi aliyokuwa akitelezea.

Ya kwanza ni ya mwaka 639, kutoka Gaochang, mji wa mapitio karibu na Turfan, mwaka mmoja tu kabla ya dola ya Tang ya Uchina kuuteka. Iliwekwa kaburini, nayo ikafukuliwa katika makaburi ya Astana. Ni hati ya mauzo. Anayeuzwa ni msichana aitwaye Upach. Anayeuza ni mtu wa Samarkand, anayenunua ni mtawa wa Kibudha aitwaye Yansyan. Bei ni drakma 120 safi kabisa, za fedha iliyopigwa Uajemi, maana sarafu za Wasasani, watawala wa Uajemi, ndizo zilizoaminiwa njia nzima ya misafara. Mashahidi wanatajwa kwa majina ya baba zao na miji yao: mmoja wa Samarkand, mwingine wa Maimargh, na wenzao. Karani ameandika kwa idhini ya mkuu wa makarani. Kila kitu kiko sawa kisheria, kama hati ya gari.

Katikati ya hati kuna orodha ya anachoruhusiwa mnunuzi. Mtawa anaweza kumpiga Upach, kumtesa, kumfunga, kumuuza, kumweka rehani, kumtoa zawadi, kumfanya atakavyo. Sijui kama Yansyan alifanya lolote kati ya hayo; karani hakujali. Kazi yake ilikuwa kuhakikisha hakuna mtu atakayekuja kesho kusema hilo halikutajwa.

Karatasi ya pili si karatasi, ni ngozi, tena vipande viwili. Mwaka 1932 wachungaji walikuta maandishi kwenye kilima cha Mugh, juu ya Zarafshan, upande wa Tajikistan, na mwaka uliofuata wataalamu wa Kisovieti wakapafukua. Ilikuwa ngome ya mwisho ya Devashtich, mtawala wa Panjikent, aliyekimbilia huko mbele ya majeshi ya Waarabu na kukamatwa mwaka 722. Katika makaratasi yake ya kodi na barua za utawala, kulikuwa na mkataba wa ndoa wa mwaka 710 kati ya Ot-tegin na mwanamke aliyejulikana kwa jina la Chat. Aliyemwozesha ni walii wake, yaani msimamizi wake, Cher, mtawala wa Navekat, mji ulio mbali mashariki, ambao wataalamu wanauweka Kyrgyzstan ya leo.

Huo mkataba ningetamani usomwe kwenye kila kitchen party. Ot-tegin anatakiwa amtunze Chat kwa chakula, mavazi na mapambo, kwa heshima na mapenzi, kama mke mwenye mamlaka ndani ya nyumba yake, jinsi muungwana anavyokaa na mke muungwana. Bila idhini ya Chat hawezi kuoa mke mwingine wala kuweka suria, wala kumweka mwanamke yeyote ambaye Chat hampendi. Akifanya hivyo anamlipa Chat dirhamu 30 safi, na yule mwanamke anamwondoa. Sehemu hiyo ya mwisho ndiyo inayonifurahisha. Faini pekee tajiri angeilipa akaendelea na mambo yake. Aliyeandika mkataba huu aliwajua wanaume matajiri.

Ot-tegin akitaka kumwacha, amruhusu aende na mali yake, ya urithi na aliyoipata. Chat akitaka kuondoka yeye, ataondoka. Atarudisha nguo na mapambo aliyopewa na mume, yakiwa hayajaharibika, na kilicho chake atachukua. Ndipo inakuja kanuni ambayo nilipoifikia niliacha kusoma nikarudi kwa Shayn. Ot-tegin akitenda kosa, atalilipa mwenyewe. Na akiwa mtumwa wa mtu, au mateka, au rehani, au mfungwa, basi Chat pamoja na watoto wake wataachiwa huru bila malipo. Na ni hivyohivyo kinyume chake: Chat akianguka yeye, mume na watoto hawafuatani naye.

Kipande cha pili cha ngozi ni ahadi ya bwana harusi kwa Cher. Anaapa kwa mungu Mithra kwamba hatamuuza Chat, hatamweka rehani, hatamtoa zawadi, hatamweka chini ya mtu mwingine. Akikamatwa na mtu, awe wa upande wake au adui, yeye ndiye atakayemtoa bila madhara. Ndoa ikivunjika, atamrudisha kwa Cher salama salimini, na asipomrudisha atalipa dirhamu 100.

Kuuza, kuweka rehani, kutoa zawadi. Vitenzi ni vilevile vya hati ya Upach, karibu kwa mpangilio uleule. Kule vimeruhusiwa, hapa vimekatazwa. Makarani wa Kisogdi walikuwa na maneno yao ya kazi, na mwanamke alikuwa huru au mjakazi kulingana na upande gani wa maneno hayo jina lake lilisimama. Wala hakuna anayeapa kwa mungu kwamba hatafanya jambo lisilofanyika. Cher alidai kiapo hicho kwa sababu alikuwa ameshaona wake za watu wakiwekwa rehani.

Sidai kwamba mkataba wa Chat ulitokana na masaibu ya Miwnay. Kati yao kuna karibu miaka 400 na maelfu ya kilomita. Ninachoona ni kwamba hofu zake zote, moja baada ya nyingine, zimejibiwa mle. Ruhusa ya kuondoka? Ipo. Deni la mwanamume kumwangukia mwanamke na watoto? Limezuiwa. Mtu wa kurudishiwa mambo yakiharibika? Anatajwa kwa jina na cheo. Miwnay alipomhitaji mtu kama Cher, waliokuwa na nafasi hiyo ni kaka zake, nao walishakataa safari tangu mwanzo, na barua hazikuwafikia. Na si kila binti wa Kisogdi wa mwaka 710 alikuwa na mtawala wa mji kuwa walii wake. Mkataba huu ni wa watu wakubwa. Binti wa mchungaji wa Zarafshan pengine aliolewa kwa neno la mdomo na chungu cha chakula, na mambo yakimharibikia angezungushwa kwa Saghrak na Artivan wa zama zake.

Kuna jambo moja dogo kuhusu ngozi zile mbili. Ya kwanza ilikuwa ya wanandoa. Ya pili ilikuwa ahadi kwa Cher, na kwa haki yake ilipaswa kukaa Navekat, mikononi mwa Cher. Lakini zimekutwa pamoja, kwenye ngome ya mlimani, mahali watu walipokimbilia na vitu walivyoweza kubeba, miaka 12 baada ya harusi. Dhana yangu ni kwamba Chat mwenyewe ndiye aliyezishika zote mbili. Ningekuwa yeye, Ot-tegin nisingemwachia hata nakala.